Muosha wa Mpendae na Filamu Niliyoilipia Mwenyewe

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nalisema hili mapema ili tujuane. Mtu aliyeacha skuli darasa la tano, akatembeza mabomba ya maji juu ya baiskeli, na leo nusu ya vyoo vya Kiembe Samaki vimetoka dukani kwake, mtu huyo keshaona kila aina ya binadamu. Nimeona wahandisi wenye shahada zao wakinunua kizibo kikubwa kuliko bomba. Nimeona bwana harusi akinirudishia beseni la kunawia wiki moja baada ya harusi, na njiani kampitisha na bibi harusi kwao. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Bwana, kaa kitako nikueleze la ajabu," mie hubaki nimesimama.

Nataka kumwandika Muosha. Jina lake silitaji, na hata ningelitaja lisingekufaa kitu. Pale mtaani Mpendae ukiliuliza jina lake watu watakutumbulia macho. Uliza, "Muosha yuko wapi?" utapelekwa mpaka mlangoni. Anaosha maiti wa kiume, na kazi hiyo alikuwa akiifanya kabla mimi sijaota ndevu. Kazaliwa wapi na nani, sijui, wala sikuwahi kumuuliza. Mtu wa kazi ile watu hawamuulizi maswali. Wanampisha njia.

Kilichokuwa kikiwaudhi watu ni mikono yake, maana ilikuwa mizuri. Vidole virefu, kucha safi kama za bibi harusi, na harufu ya karafuu maiti ambayo haikutoka hata siku za Idd. Mikono mizuri namna ile, na watu walikuwa radhi kumpa mkono nge. Wakimwona anakuja, viganja vinapanda vifuani: "Assalaam alaykum, Mzee, Assalaam alaykum," huku wanarudi nyuma. Naye akajua. Akawa anatembea mikono nyuma kama mkaguzi wa skuli, kuwaondoshea watu taabu.

Lakini nenda naye harusini. Pilau linaliwa kwa sinia, watu wanne wanne. Muosha akikaa, wenzake watatu wanapata shibe ya ghafla. "Alhamdulillahi, mie tayari." "Mie tumbo halijakaa sawa." Anabaki peke yake na sinia zima, nyama zote, na mchuzi wa pembeni. Watu walikuwa wakimwonea huruma. Mimi mfanyabiashara, nilikuwa namtazama na kusema moyoni, huyu ndiye mtu pekee hapa mjini anayelipwa kwa kuogopwa.

Macho yake nayo. Mtu mwingine akikutazama anakuona wewe, Muosha anakuona urefu. Siku moja aliingia dukani kwangu kutafuta mpira wa bomba, akanitazama kutoka utosini mpaka viatuni, akatikisa kichwa.

"Umenenepa wewe. Dhiraa zimeongezeka."

"Dhiraa za nini, Mzee?"

"Aa. Nasema tu."

Chakula cha mchana siku ile kilirudi jikoni kama kilivyokuja.

Riziki yake aliipata kwa ufundi saa, kimeza kidogo Darajani chenye kioo kilichopasuka. Fundi saa huyo hakupata hata siku moja kufika mahali kwa wakati. Ukimpa saa Jumamosi ukaambiwa njoo Jumatatu, basi hiyo Jumatatu haikuwa na mwezi. Saa yangu moja alikaa nayo hata nikanunua nyingine, ikaharibika, nikampelekea na hiyo. Ila akiitwa msibani, kabla aliyekwenda kumwita hajamaliza kulia, Muosha keshavaa viatu.

Na mtu huyu, aliyelala chumba kimoja na maiti wa ajali siku za mvua barabara zilipokatika, alikuwa anaogopa chura. Sitii chumvi. Nilimwona kwa macho yangu akipanda juu ya kimeza chake cha saa, kanzu kaishika kwa mikono miwili, chura mdogo kama kokwa la tende kakaa chini anamtazama. "Mtoeni!" anapiga kelele. "Mtoeni huyo, ana macho ya mtu!"

Kuosha aliosha bure. Tajiri mmoja alimtilia bahasha mfukoni baada ya kumwosha baba yake, Muosha akairudisha kwa adabu zote. Dakika tano baadaye nikamkuta sokoni anagombana na mwanamke muuza mbatata kwa shilingi mia. "Mia yangu naijua," anamwambia, "ina jasho." Mwanamke akamjibu, "Basi kaioshe." Soko zima likacheka, na yeye akacheka, na mia akaipata.

Lakini sifa aliyojulikana nayo zaidi ni kimya. Muosha akitoka kwenye chumba cha maiti, watu humzunguka, si kwa huruma tu. Wanataka habari. Kovu lilikuwepo? Yale waliyosema juu ya ugonjwa wake, kweli? Nilimsikia mama mmoja, mtu mzima mwenye haya zake, anamuuliza kwa sauti ya chini, "Marehemu alikuwaje?"

"Alikuwa amekufa," akajibu, akaenda zake.

Hilo lilikuwa jibu lake kwa kila mtu. Anachokiona ndani hakitoki nje, kwa sababu maiti hawezi tena kujifunika mwenyewe. Watu walimsifu sana kwa hilo, nami nikamsifu. Sasa nitaeleza sifa hizo zilitufikisha wapi sisi.

Baba yangu, aliyemwosha ni yeye.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, kaka yangu ishirini na miwili. Mama alikufa zamani, akaacha mkufu mmoja wa dhahabu, mzito, uliokuwa ukikaa ndani ya kasha la Baba. Ufunguo wa kasha alikuwa nao Kaka, maana Baba alikuwa kitandani miezi mingi. Asubuhi Baba alipokata roho, shangazi yetu aliyetulea, ambaye nyumba nzima tukimwita Bi Mkubwa, alimwambia Kaka amfungulie kasha atoe mashuka. Mkufu hakuna. Nyumba imejaa watu. Bi Mkubwa akaapa pale pale, mbele ya wanawake na wanaume, kuwa mwizi ni mwenye ufunguo. Kaka akasema, "Bi Mkubwa, wallahi sijaugusa." Nani angemsikiliza? Mimi nilikwenda kusimama kizingitini, mtaa wote unanitazama, nikapiga kelele, "Mwizi! Kamwibia mama'ke! Mwizi!" Sauti ilikuwa ndiyo kwanza inabadilika, lakini ilifika.

Kaka alilibeba jeneza mpaka kaburini, na kutoka kaburini hakurudi nyumbani. Alikwenda Bwejuu, akaoa huko, akaingia kwenye kilimo cha mwani na mkewe. Miaka thelathini na moja hakuvuka mlango wangu, nami sikuvuka wake. Lakini miaka hiyo sikukaa bure. Hadithi yake niliitumia vizuri. Kila mteja aliyekaa kiti cha dukani kwangu aliisikia: ndugu wawili, nyumba moja, mmoja kaiba na mmoja katoka jasho, tazama sasa. Niliwauzia watu mabeseni mengi kwa hadithi ile.

Ndipo akaja binti yangu Zuhura na mambo ya filamu. Huyu ndiye kitinda mimba wangu, kasoma mpaka mimi nimechoka. Akaniambia, "Baba, nataka kutengeneza filamu fupi ya kutisha. Dakika kumi na nane. Inahusu familia yenye siri."

"Sisi hatuna siri," nikamwambia. "Sisi tuna mwizi. Itengeneze hiyo."

Hadithi nikampa mimi. Kijana anaiba mkufu kwenye kasha la baba yake anayekufa. Baba akishazikwa, mzuka wake unatoka kwenye kasha lile lile, unamfuata mwizi chumba kwa chumba mpaka mwisho wake. Tukaiita *Kasha Tupu*. Zuhura akauliza swali moja tu: "Baba, lakini Ami alikiri?"

"Mwizi akiri ili iweje?"

Akaandika. Nami nikalipia kila kitu: kamera, taa, damu ya bandia lita tatu, mzuka kutoka kikundi cha maigizo, na jina langu mwanzoni kwa herufi kubwa, Mtayarishaji Mkuu. Azma yangu ilikuwa Idd niwakusanye jamaa wote sebuleni kwangu, watoto na wajukuu, waione, ili hata waliozaliwa jana wamjue mwizi wa ukoo. Mtu akitaka kunisema kwa hilo, aniseme mbele yangu.

Tukakodi ghorofa ya juu ya nyumba moja Mji Mkongwe. Mwenyewe ni mzee wa Kihindi mwenye duka la viungo hapo chini, kila nusu saa anapanda ngazi, "Bwana, hiyo damu itatoka kwenye sakafu?" Madirisha tukayaziba kwa kanga nzito, mchana ukawa giza, na jirani yangu muuza tende tukamlaza kitandani awe maiti wa Baba.

Zuhura alitaka kuosha kuwe kwa kweli. Nikamleta Muosha. Kwanza akakataa. "Kuosha si mchezo." Zuhura akapiga magoti mbele yake: "Babu, ukikataa wewe nitamtafuta mtu asiyejua, atafanya ovyo, na watu watadhani ndivyo." Hapo akalainika, kwa masharti. Maiti afunikwe vizuri. Dua isisomwe, maana hakuna aliyekufa. Na alipwe elfu hamsini.

"Elfu hamsini!" nikasema. "Si unaosha bure wewe?"

"Wafu nawaosha bure. Walio hai walipe."

Basi. Akafika amechelewa saa mbili, na hilo mlitegemee. Zuhura akamwonyesha pa kusimama, akamwambia, "Babu, usiigize. Fanya vile vile ulivyofanya siku ya babu yangu."

Muosha akamtazama. "Vile vile?"

"Vile vile."

"Kila kitu?"

"Kila kitu, Babu. Kamera haitasimama mpaka umalize."

Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye mwenye shughuli hii. Umeridhia?"

"Niridhie nini tena, Mzee? Fanya kazi. Watu wanalipwa kwa saa hapa."

Akanawa. Akainama juu ya muuza tende, akainua shuka kidogo, mkono wake ukaingia kiunoni na kusimama. Muuza tende akajikunja kwa kicheko, "Ananitekenya," na Zuhura akamwambia maiti anyamaze. Muosha hakusikia. Akaanza kufungua fundo ambalo halikuwepo. Fundo gumu; alilifungua kwa kucha, taratibu. Akavuta kitambaa ambacho hakikuwepo, akakikunjua, akatoa kitu, akakiinua kwa vidole viwili kikaning'inia. Hapakuwa na kitu. Lakini wote mle ndani tuliona urefu wake, na mimi niliona na uzito, kwa namna mkono wake ulivyoshuka kidogo.

Nililipia lita tatu za damu na mzuka mwenye meno. Havikunitia hofu hata kidogo. Kilichonitoa jasho ni kile kitu cha hewa.

Akakifuta kwa pamba. Akakifunga ndani ya pamba. Akaenda mpaka kwenye pazia la mlango, akaupitisha mkono chini yake, akasema kwa sauti ndogo, "Bi Mkubwa. Pokea. Kilikuwa kiunoni mwa marehemu."

Akatega sikio, kama mtu anayejibiwa. Muda mrefu. Kisha akasema, "Mie sisemi, Bi Mkubwa. Ya humu ni ya humu. Lakini weye sema. Sema kabla jeneza halijatoka."

Akasubiri tena. Akainamisha kichwa, akarudi kitandani, akaendelea kuosha kwa utaratibu wake mpaka mwisho, bila neno jingine.

Zuhura hakuzima kamera. Alipoizima, akanijia pembeni. "Baba, ile haimo kwenye hadithi uliyonipa."

"Ifute."

"Siifuti."

"Mtayarishaji mkuu nani hapa?"

"Wewe," akasema. "Na Bi Mkubwa nani?"

Alikuwa anajua. Ukoo wetu ulikuwa na Bi Mkubwa mmoja tu, Mungu amrehemu, na Zuhura kalala mapajani mwake.

Sasa kuna jambo sikulisema hapo juu, nalo nitalisema mara moja tu. Yale mabomba ya baiskeli. Watu wote nimewaambia nilianza na mikono mitupu, na mpaka siku ile ya pazia niliamini hivyo. Lakini miezi mitatu baada ya Baba kuzikwa, Bi Mkubwa aliniita chumbani akanipa fedha zimefungwa kwenye leso. "Zamu yangu ya upatu imefika," akasema. "Kaanze maisha." Baiskeli na mzigo wa kwanza vikatoka humo. Bi Mkubwa hakuwa na mtu wa kucheza naye upatu. Hilo nililijua siku zote, na sikuwahi kujiuliza fedha zile zilitoka kwenye mkufu gani.

Kesho yake nikaenda Mpendae. Nilimkuta Muosha kakaa kizingitini anakula halua.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeleta saa nyingine?"

"Nimeleta swali. Kwa nini hukusema?"

"Mie sijasema hata sasa," akanijibu. "Nimeambiwa nifanye vile vile, nimefanya. Wewe mwenyewe umeridhia, mashahidi wapo, na maiti mmoja anauza tende."

"Mzee, usinifanyie mzaha! Miaka thelathini na moja kaka'ngu anaitwa mwizi!"

"Na nani?"

Nikageuka kutazama gari yangu.

"Nakuuliza wewe. Na nani? Mie nilikuwa ndani, naosha. Nilimsikia Bi Mkubwa kaapa mara moja, akanyamaza. Sauti iliyokuwa ikiendelea pale mlangoni ilikuwa moja."

Nilisimama pale nimeshika ufunguo wa gari. Yeye akaifunga halua yake kwenye karatasi, vizuri, kama anavyofunga kila kitu.

"Nilikosa," akasema. "Sikatai. Baba yako kwa maradhi yale alikuwa hamwamini mtu, akautoa mkufu wa mkewe, nadhani kabla hajampa kaka yako ufunguo, akajifunga chini ya kikoi. Kinachofichwa ni aibu ya maiti. Mkufu haukuwa aibu ya maiti. Mie nikaviweka pamoja, kwa kuwa vyote nilivikuta ndani. Nilivyokuja kufahamu, nikamwendea Bi Mkubwa mara mbili. Alishaapa mbele ya watu, hakuweza kurudi nyuma. Mara zote mbili alilia tu. Halafu akafa, nami nikawa na siri ya watu wawili."

"Kwa hiyo ukasubiri sinema."

"Sikusubiri chochote. Binti yako kaniomba kwa adabu nimwonyeshe ilivyokuwa. Wewe hukuniuliza hata siku moja. Miaka yote ukipita hapa, 'Mzee, saa yangu tayari?'"

Mtu huyu watu wanamsifu kwa uaminifu. Nami namsifu. Alikuwa mwaminifu kiasi cha kumwacha kijana asiye na hatia aondoke kwa miguu na jina bovu, kwa sababu alichokiona alikiona upande usio wa kusemwa. Ukitaka kujua mtu mwema anaweza kufanya nini, sina mfano mzuri kuliko huo. Ukitaka kujua mtu mwenye kelele anaweza kufanya nini, ninao pia, lakini huo nimeshaueleza.

Ijumaa tukaenda Bwejuu kwa gari yangu, mimi na yeye. Nilitaka shahidi. Tulipofika, watoto wakatoka mbio uani, "Babu kaja! Babu kaja!" na wakamrukia, wakamshika mikono ile ile ambayo mji mzima haukuitaka, wakaitoa halua mifukoni mwake. Kumbe kila mwaka alikuwa akienda, mara mbili, akikaa siku moja na kurudi. Kaka hakuwahi kujua kwa nini. Alidhani mzee wa watu anapenda pweza.

Kaka alikuwa anageuza mwani uani, umeanikwa juu ya nyavu kuukuu. Amekonda, mvi kichwa kizima, kafanana na Baba hata nikasita. Akainua uso.

"Karibu, tajiri wa vyoo."

Nikamweleza. Yote, nimesimama juani, mkufu, kiuno, pazia, Bi Mkubwa, upatu. Yeye anageuza mwani. Nikamaliza, anageuza mwani.

"Kaka, umenisikia? Hukuiba."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua sikuiba. Najua tangu siku ile. Aliyechelewa kujua ni wewe."

Mkewe, aliyekuwa kwenye mlango wa jiko, akageuka akatazama ukuta. Mimi nikafanya ninalolijua: nikaanza kutoa. Nitakujengea nyumba ya matofali. Nitakutilia maji ndani. Choo cha kukaa, vigae mpaka juu, nitaleta mafundi wangu mwenyewe. Kaka akaanza kucheka, akacheka hata akakaa kitako.

"Muosha," akasema, "huyu ulimleta mwenyewe?"

"Kajileta," Muosha akajibu. "Mie nimepewa lifti."

Kaka akajipangusa macho. "Nasikia umetengeneza sinema, mimi nafukuzwa na mzuka."

"Nimeisimamisha."

"Usiisimamishe. Mle ndani ya sinema yako, aliyesimama mlangoni akaita 'mwizi' ni nani?"

"Hayumo."

"Mtie. Na awe wewe. Uso wako, sauti yako. Halafu uwaonyeshe wale wale uliokuwa ukiwahadithia. Nyumba sitaki, na choo ninacho."

Nikamtazama Muosha anitetee. Alikuwa akitazama chini ya nyavu za mwani, nadhani kaona chura.

Basi tukaipiga upya. Mzuka tukauondoa, Zuhura alisema hauhitajiki tena. Kasha likabaki, pazia likabaki, kiuno kikabaki. Na mimi, miaka arobaini na saba, mwenye maduka mawili na gari tatu, nikasimama kizingitini mwa nyumba ya watu Mji Mkongwe, jua la saa nne, nikapiga kelele, "Mwizi!"

"Tena, Baba," akasema Zuhura. "Hukumaanisha."

Nikapiga tena. Watalii wakasimama, mmoja akatoa simu. Mzee wa duka la viungo akatoka mbio na fimbo, "Wapi? Kapita wapi?" Ikabidi tumpe kiti. Mara ya nne Zuhura akasema, "Bado." Mara ya tano akasema, "Unaigiza." Muosha kakaa barazani upande wa pili, anatafuna njugu.

Mara ya saba, sijui ilikuwaje. Labda koo limechoka. "Kamwibia mama'ke!" nilipofika hapo sauti ikanikatika katikati, ikapanda juu nyembamba kama ya mtoto anayebalehe, na nikamwona Kaka, kijana vile vile wa siku ile, anashuka ngazi na ufunguo mkononi, ananitazama mimi, si watu, mimi mdogo wake, anangoja niseme neno jingine. Nikashindwa kumalizia. Nikakaa chini pale pale kizingitini.

Kamera ilikuwa inaendelea.

Muosha ndiye aliyesema, kutoka barazani. "Hiyo ndiyo yenyewe," akasema. "Naikumbuka."

Siku ya kuionyesha niliita ukoo mzima nyumbani kwangu baada ya alasiri. Jamaa wamejaa, wateja wangu wa zamani nimewaita pia, wale wa kiti cha dukani, maana ndivyo nilivyoambiwa. Viti nimekodi. Kila mtu amefika, na Kaka hajafika, na Muosha naye hajafika, ila huyo sikumtia hesabuni. Tukangoja. Watoto wakaanza kulia. Mtu akasema tuanze, nikamwambia hatuanzi.

Nikawaona wanakuja pamoja, wanatembea polepole kama watu wasiojua nyumba. Kaka kavaa kanzu nyeupe imepigwa pasi. Kafika kizingitini pangu, kasimama. Watu wote ndani wakageuka.

"Karibu, Kaka," nikasema. "Ingia."

Hakuingia.

"Nimetumia elfu tatu kufika hapa," akasema.

"Elfu tatu za nini?"

"Nauli, kutoka Bwejuu. Siku ile niliondoka kwa miguu, na hukuniuliza nitafikaje. Leo umeniita wewe. Nirudishie nauli yangu."

Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa noti ya elfu kumi. "Chukua hii."

"Sina chenji, na yako ya ziada siitaki. Elfu tatu."

Nikageuka ndani. Mimi, Mtayarishaji Mkuu, nikawauliza wageni wangu mwenyewe nani ana elfu tatu. Wakatazamana. Wengine walianza kucheka wakaacha. Ndipo Muosha akafungua kijaluba chake cha kutilia vipuri vya saa, akatoa noti ya elfu mbili na noti ya elfu moja, zimekunjwa ndogo ndogo, akazinyoosha juu ya paja moja moja, akanipa mimi. Nikampa Kaka. Kaka akazitia mfuko wa kanzu, akavua viatu, akaingia.

"Zangu nitazitaka kesho," akanambia Muosha, naye akaingia.

Filamu ya mwanzo yenye mzuka, milioni nane na laki mbili. Kuipiga upya bila mzuka, milioni moja, laki nne na elfu kumi. Nauli ya Kaka, niliyompelekea Muosha Mpendae asubuhi yake, elfu tatu. Kwa jumla, shilingi milioni tisa, laki sita na elfu kumi na tatu.